Maneno Matano ya Kitanda cha Tano

Jumatatu, 4 Machi 1929

Nimepata kazi! Siku sita kwenye filamu ya kuzungumza, mauaji matupu ndani ya hospitali. Mimi ni mgonjwa wa kitanda cha nne, mguu umefungwa plasta hadi nyongani. Maneno ya kusema: hakuna. Kitanda cha tano kalala Rufus Dinwiddie, mtu wa meno mengi, na yeye kapewa maneno matano mazima: "Si mwizi, Inspekta. Ni daktari!" Anayarudia kutwa, mpaka plasta yangu inawasha.

Mama yangu kule Nebraska nilishamwandikia kwamba safari hii atanisikia. Filamu tatu zilizopita ameona mgongo wangu tu, na kila mara alipeleka nusu ya kanisa kuutazama. Siwezi kumwaibisha tena. Maneno yale lazima yawe yangu.

Kipaza sauti kimefichwa kwenye chombo cha maua, katikati ya vitanda vyetu. Mwongozaji, Bwana Lindquist, ameonya kwamba asikohoe mtu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeguna. Mguno mzuri, wa maumivu, niliufanyia mazoezi bafuni. Bwana Lindquist kasimamisha kila kitu na kuuliza nani kamkanyaga mbwa. Dinwiddie kanionyesha kwa kidole. Mnafiki!

Wakati wa chakula wote walitoka, nikabaki na plasta yangu. Hazel Quimby, anayeigiza nesi, kaniletea supu. Nikamnong'oneza mpango wangu pale pale. Dinwiddie anapenda sana tamale, ile mikate ya mahindi yenye nyama ndani, anayouza yule mzee wa mkokoteni getini. Hazel amnunulie nne, na ndani tutie pilipili ya kuua farasi. Sauti itakwisha, maneno yatahitaji mtu. Hazel kasema mimi ni ibilisi. Halafu kauliza pilipili kiasi gani.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Dinwiddie kala zote nne, kalia machozi, kaomba ya tano. Kufika saa nane anatoa sauti ya bata. Bwana Lindquist hakumuuliza mtu lolote, kaja moja kwa moja kitandani kwangu.

"Haya, Elmer mwanangu," kaniambia kwa upole. "Maneno yake si uliyataka? Yachukue."

Nimelia kwa furaha. Nimempelekea mama simu ya maandishi.

Alhamisi, 7 Machi

Chini ya kitanda! Uso wa Dinwiddie ulishapigwa picha tangu Jumatatu, haubadilishiki. Kwa hiyo yeye anafumbua mdomo juu, mimi nasema chini, nimelala sakafuni, mguu wa plasta umefunikwa shuka. Tumerudia mara kumi na moja. Kila mara Dinwiddie kajirusha kitandani, na chemchemi za godoro zikanipiga puani.

Sasa mama atasikia sauti yangu ikitoka kwenye meno ya Dinwiddie. Nimeumia, sifichi. Ataliambia kanisa zima kwamba Hollywood imenipa meno mapya.

Nimemuuliza Gus, fundi wa sauti, Bwana Lindquist alijuaje. Gus kacheka hadi kushika ukuta. Kumbe hazimi mashine kamwe! Hata mkate wake wa mchana anaula ndani ya kibanda cha vioo na visikilizio masikioni. Chombo cha maua kilisikia yote: tamale, pilipili, hata niliyosema kuhusu nywele za bandia za Bwana Lindquist.

Jumamosi, 9 Machi, mchana

Siku ya mwisho, na nimejifunza. Siri karibu na maua, kamwe tena!

Mpango mpya ni safi. Jioni hii inspekta anakuja kumkamata daktari. Nitajibingirisha kutoka kitandani, nimwangukie Dinwiddie, kisha nielekeze uso kwenye kamera niyaseme maneno yote matano. Hazel kasema, "Elmer, wewe hukomi!" Lakini kakubali kushika shuka.

Safari hii tulizungumza mahali salama, kwenye meza ya matroni, hatua ishirini kutoka kwa ua lolote. Pale pana kapu la matunda tu, Gus kaliweka leo asubuhi. Nilitaka chungwa, likagoma kutoka, lina waya. Ajabu. Nikaendelea kumnong'oneza Hazel, taratibu, neno kwa neno, asije akasahau.

Gus kanipungia mkono kutoka kibandani. Kaacha hata kutafuna. Mtu mwema sana.

Nimemwandikia mama awahi viti vya mbele.