Nilivyobeba Kibodi Hadi Kawangware

Kuna jamaa tuliyesoma naye masomo ya jioni ya kompyuta aliwahi kuniapia kwamba nenosiri hukaa ndani ya kibodi. Ndiyo maana herufi zingine hufutika, akasema: zimeshika siri nyingi mpaka zimechakaa. Nikaamini! (Nina cheti, tafadhali. Kiko ukutani, na kina fremu.)

Sasa, wasee, leo sina uso. Tukipatana njiani kesho, jifanyeni hamnijui.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa kikundi chetu cha kushona yunifomu. Ofisi iko Makina, karakana iko Kawangware. Atieno wa ofisini huingiza vipimo vya watoto mtandaoni, na jedwali kwenye kompyuta ya karakana huvivuta kutoka huko. Asubuhi, nikiwa ofisini, fundi Musyoka wa karakana akanipigia. Watoto wamepimwa upya, shule inafunguliwa Jumatatu, kitambaa kiko mezani, na jedwali limekataa kuvuta. Linasema nenosiri si sahihi.

"Ukichelewa nakata na vipimo vya mwaka jana," akasema.

"Usikate!"

"Basi kuja!"

Nikawaza. Atieno alibadilisha nenosiri juzi. Aliliandika kwa kibodi ya Makina. Kwa hivyo kibodi ya Kawangware bado ina lile la zamani! Nilijiona profesa. Atieno alikuwa ametoka kunywa chai. Nikachomoa kibodi, nikaifunga kwa leso, nikashika njia kwa miguu. (Gari lingeitikisa, herufi zichanganyike.)

Nairobi yote ilitoka nje kuniangalia.

"Boss, unauza?"

"Brathe, hiyo umeiba shule gani?"

Jua lilikuwa kali hadi nikavua koti nikaifunika kibodi. Simu ililia mara kama elfu moja. Atieno. Sikushika. Nilikuwa na mzigo wa maana.

Nilipoingia karakana, vyerehani vyote vilinyamaza. Mama Mwende, mwenyekiti wetu, alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Wafula, hiyo ni nini?"

"Ni nenosiri, mama."

"Nenosiri?"

"Liko ndani."

Nikachomeka. Nikabonyeza kuvuta data. Ikakataa. Nikabonyeza tena, kwa nguvu za baba yangu na babu yangu. Ikakataa!

"Imechoka na safari," nikasema. "Wacheni ipoe kidogo."

Musyoka akachukua makasi. "Mimi nakata. Hawa watoto watasoma bila kupumua."

Mama Mwende akampigia Atieno, akaweka spika. (Roho mbaya kabisa!)

"Mama, tumeibiwa!" Atieno akapiga kelele kabla ya salamu. "Mwizi ameingia ofisi, amebeba kibodi pekee!"

"Mwizi tuko naye hapa."

Jameni! Fundi mmoja alilala juu ya rundo la kaptura akilia kwa kicheko. Mwingine akatoka nje kuwaambia majirani. Mama Mwende akamweleza Atieno yote, neno kwa neno, hata ile ya kupoa.

"Wafula," Atieno akauliza pole pole, "umetembea nayo?"

"Mguu kwa mguu."

Akaguna. Kisha akaniongoza: nifungue mipangilio ya mahali data inatoka, nifute ruhusa iliyohifadhiwa, nivute tena. Hapo ndipo jedwali liliponiuliza jina na nenosiri, kitu ambacho halikuwa limefanya. Akanitumia jipya kwa ujumbe, nikaliandika. Vipimo vikamiminika! Musyoka akaangalia safu ya viuno, akaweka makasi chini. Kitambaa kimepona.

Na mimi nilikuwa karibu kupona pia. Lakini mdomo wangu! Nikauliza, mbele ya karakana nzima, simu bado iko spika, kama sasa nichomoe kibodi taratibu ili nenosiri lisimwagike.

Atieno akavuta pumzi ndefu.

"Wafula. Kibodi ni ya kuandikia tu, haiweki kitu. Nenosiri la zamani lilikuwa limehifadhiwa kwa kompyuta ya huko, na ndilo lilikuwa likitumwa kila mkivuta. Ungenipigia simu tu."