Betri Inayopumzika Kuliko Waimbaji

Jabe, Jumatatu, baada ya kufungua biashara

Kwa Mheshimiwa Mchungaji Moïse

Baba Mchungaji,

Nakusalimu wewe na Mama Mchungaji, pamoja na goti lake tuliloliombea Alhamisi. Mimi ni Béatrice, mwenyekiti wa kwaya, yule anayeuza vitenge hapa sokoni Jabe. Najua unanijua vizuri, lakini nimeambiwa kwamba katika barua rasmi mtu hujitambulisha hata kwa baba yake.

Nalalamika juu ya betri.

Umesoma sawasawa. Ni betri ya laptop ya kwaya, inayotupigia muziki tangu Jordan, mpiga kinanda wetu, ahamie Kigoma na kinanda chake. Mtunzaji wake ni Ndugu Gélase, shemasi, karani wa ofisi moja kule Kigobe. Ofisini kwake walipewa mafunzo ya kutunza kompyuta. Mafunzo ya siku moja, Baba. Sisi wengine tunasoma Biblia mwaka wa arobaini sasa na hatujawahi kushika sheria kwa ukali wa namna hiyo. Nayataja malalamiko yangu kwa mpangilio, ili usichoke.

1. Betri hii ina amri mbili, zimebandikwa kwenye kabati la ngoma, laptop inamofungiwa, kwa herufi kubwa kuliko za Musa: isishuke chini ya asilimia ishirini, na isipande juu ya themanini. Nilimuuliza Gélase kwa heshima kwa nini asiijaze mia, kama watu wenye akili, katika mji ambao umeme unakuja kama mgeni aliyekosea nyumba. Akanijibu: "Apana, Mama Béatrice. Ukiijaza mpaka mwisho kila siku, inachoka haraka. Uiachie nafasi ya kupumua." Baba, mimi naimba sauti ya kwanza saa tatu nzima kila Jumapili, mara nyingine nikiwa nimefunga. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninayo nafasi ya kupumua.

2. Kwa kuwa lazima ichomolewe ikifika themanini, Gélase huondoka popote alipo na kwenda kuichomoa. Jumapili ya Meza ya Bwana alikuwa anapitisha sinia ya vikombe. Akatazama saa yake, akaiweka sinia juu ya benchi, akatoka kwa mwendo wa haraka. Aliporudi akaanza na safu ya tano. Safu ya nne nzima haikushiriki, na wapo pale waliokuwa wamepatana na maadui zao wiki ile kwa ajili ya siku hiyo tu. Sasa wamegombana tena.

3. Betri haipendi joto. Nani analipenda? Lakini feni ya kwaya, iliyotolewa na akina mama kwa ajili ya akina mama, sasa inaangalia mashine. Elvire wa sauti ya pili ana mimba ya miezi saba na anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Alipolalamika, Gélase aliweka kiganja chini ya laptop, akasema kwa huzuni: "Vumilia kidogo, mama, ni moto sana." Wadada wawili walidhani anamsema Elvire, wakaanza kumwombea apone homa. Na tulipokwenda kuimba Ruziba, kando ya ziwa, saa saba mchana, kulikuwa na mwavuli mmoja. Sina haja ya kusema ulikuwa juu ya nani. Wavuvi walituuliza kama ndani ya lile sanduku la laptop kuna mtoto mchanga.

4. Hapa naomba ukae chini, ingawa ulikuwepo. Harusi ya Danielle.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na jenereta, kama unavyojua, imekuwa pambo tangu mafuta yaadimike. Spika yetu ina betri yake na ilikuwa salama. Laptop ilianza ibada ikiwa na asilimia thelathini na nne. Shangazi za bwana arusi wakaingia kwa wimbo wao, taratibu, kama watu wanaopima kiwanja. Wasimamizi wakaingia. Ndipo akaingia Danielle, aliyefundishwa na mimi kwa wiki tatu kwamba mguu unakwenda na ngoma: ngoma ikipiga, unakanyaga, isipopiga, unangoja.

Amefika safu ya sita. Gélase akanyanyua mkono kama polisi wa barabarani, akatangaza mbele ya kanisa zima: "Imefika makumi mbili. Nazima." Akazima.

Danielle akasimama, mguu mmoja mbele. Ngoma haikupiga, naye akangoja, kwa sababu ni msichana mtiifu. Bwana arusi, Loïc, aliona bibi arusi wake amesimama katikati ya kanisa hataki kuendelea, akaamini amebadilisha mawazo, akaanza kulia. Baba mdogo wake akainuka kuuliza kama msichana amelazimishwa. Mama wa msichana naye akainuka kumjibu, na jibu lake silirudii katika barua inayokwenda kwa mchungaji. Mimi nikauinua wimbo kwa mdomo, lakini kwa woga nikauanzia juu sana; kwaya nzima ikanitazama tu, kama watu wanaomtazama paka juu ya paa. Aliyetuokoa ni Faruk, fundi cherehani, jirani yetu Mwislamu aliyealikwa kwa sababu ndiye aliyeshona gauni. Alipiga makofi kwa mpigo wenyewe, peke yake, na Danielle akafika mbele kwa makofi ya Faruk.

Betri ile ingejazwa mia, wimbo ungemalizika na chaji ingebaki ya wimbo wa kutokea. Nilipomwambia Gélase hivyo nje ya kanisa, mbele ya watoto wake, na kumwita mwizi wa furaha za watu, alinijibu polepole: "Mama, harusi ni ya siku moja. Betri ni ya kila siku."

5. Lalamiko la mwisho ndilo zito. Ndugu Gélase hana msimamo.

Tulipomzika Mzee Pierre, aliyeimba besi miaka ishirini na saba, mjane wake Rosette aliomba kitu kimoja tu: amsikie mara ya mwisho. Sauti ya Pierre imo ndani ya laptop, wimbo mzima aliouimba peke yake. Umeme haukuwepo. Mashine ilikuwa na asilimia ishirini na nne. Mimi, kwa kuwa namjua mtu wangu, nilikaa karibu na Gélase na kumshika kifundo cha mkono kabisa, tayari kupigana naye kando ya jeneza kama itabidi.

Wimbo ukaanza. Rosette akafumba macho. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini. Nikaukaza mkono. Gélase hakuuvuta. Ubeti wa tatu, kumi na sita. Wimbo ukaisha, Rosette akasema bila kufumbua macho, "Mara moja tena, Gélase," naye akaurudisha mwanzo. Ulipoisha mara ya pili ilibaki asilimia tisa. Nilimtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kwenye tai, na sijui hata sasa kama yalikuwa ya Pierre au ya betri.

Sasa nauliza, Baba: kama yawezekana kushuka mpaka tisa, Danielle alikosa nini? Sheria ni sheria au si sheria? Mtu anayevunja amri yake mwenyewe kwa sababu mjane amesema tafadhali, tutamwaminije kwa mambo makubwa?

Kwa hayo yote naomba: Gélase aondolewe; ufunguo wa kabati nipewe mimi; betri ijazwe mia na ikae kwenye umeme wakati wote umeme ukiwepo; feni irudishwe kwa wanawake; na ikiwezekana betri yenyewe ikemewe hadharani, katika ibada ya pili ambayo ina watu wengi.

Wasalimie wazee wa kanisa wote, hata yule aliyelala wakati wa ripoti yangu. Msalimie Mama Mchungaji, walimu wa Shule ya Jumapili, na mlinzi wa lango, ambaye ndiye pekee anayeitikia salamu zangu kwa sauti.

Ni mimi, mwanao katika Bwana na katika subira,

Béatrice
Mwenyekiti wa Kwaya

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua hii, sasa nimeifungua tena. Gélase amepita hapa kwenye meza yangu saa tisa. Mama yake ni mgonjwa huko Bururi, anakwenda wiki tatu. Ameniachia laptop mimi. "Iko nusu," ameniambia. "Ikikaa bila kazi isijae, isiwe tupu. Uiweke pahali pa baridi." Nikamuuliza kwa nini asimwachie mtu mwingine, maana kwaya ina watu thelathini. Akasema, bila ubaya wowote: "Ni we unajua vile betri inakufaka." Inavyokufa, yaani.

Baba, unaikumbuka laptop yetu ya kwanza, ile iliyopigwa na radi. Haikupigwa na radi. Nilikuwa naitunza mimi. Niliiacha kwenye umeme mchana na usiku mwaka mzima, juu ya godoro, nimeifunika kitenge isipate vumbi, mpaka betri ikavimba na kuinua vitufe kama andazi. Niliogopa. Nikaificha ndani ya ile ngoma iliyopasuka, nikasema radi. Nisamehe kwa mahubiri yako mawili juu ya radi ile, yaliyowaokoa watu saba, na kwa kile chuma tulichosimamisha juu ya paa.

Nilipomuuliza Gélase amejuaje, amesema aliikuta ndani ya ngoma wiki yake ya kwanza. Aliipeleka kwa fundi, hapahapa Jabe, akaokoa nyimbo zote kabla haijatupwa. Sauti ya Pierre imetoka humo. Miaka miwili anajua, na hajamwambia mtu, hata siku ile nilipomtukana mbele ya watoto wake.

Malalamiko yangu nayaondoa, yote matano. Naomba Jumapili moja nisimame mbele ya kanisa niseme haya kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila tungoje kwanza arudi kutoka Bururi. Nataka awepo.