Zoezi la Kijiko Kimoja

Hashiru hakuwa na kazi. Hakuwa na jiko, wala sufuria ya kuteleka kama jiko lingepatikana. Hakuwa na soksi mbili zinazofanana, hakuwa na kitambulisho ambacho muda wake haujaisha, na hakuwa na rafiki ambaye hajawahi kumkwepa kwenye kona ya duka. Mke alikuwa naye kwa cheti tu. Mwenyewe Tunu alikuwa Kisarawe kwa baba yake tangu mwezi wa Rajabu, kwa sababu iliyotajwa mbele ya mashahidi kwa maneno matatu: mume huyu halishi.

Baba mtu, Mzee Mwinyimadi, alitoa sharti.

"Shaabani isiishe kabla sijaona hapa chakula cha mkeo cha nusu mwaka. Madumu matatu ya mafuta ya kupikia na viroba viwili vya sukari. Mchele nitatoa mimi, maana najua nazungumza na nani. Ukishindwa, njoo uandike talaka."

"Nimekuelewa, baba."

"Kuelewa unaelewa siku zote. Kuleta ndiko sijakuona."

Hashiru akarudi Kibaha akimpenda mkewe kuliko alivyompenda alipokuwa naye, jambo ambalo wanaume wengi wa rika lake watalielewa bila kufafanuliwa.

Alikaa kwa mama ntilie mmoja pale Picha ya Ndege, akinusa harufu ambayo haikuwa na bei, ndipo akaona kitu. Wanaume sita walikuwa wanakula wali na nyama, na kichupa cha chumvi kikizunguka meza kama mpira. Nesi mmoja akapita barabarani na koti lake jeupe, anakwenda kununua nyanya. Hakuwatazama. Lakini wale watu wazima sita, mmoja ana ndevu mpaka kifuani, walikishusha kichupa chini ya meza kwa pamoja na kukaa kama wako kwenye mtihani.

"Kaka," Hashiru akamwuliza mwenye ndevu, "mbona mmeficha chumvi?"

"Nina presha."

"Yule nesi anakujua?"

"Hanijui."

"Sasa?"

"Sasa ana koti."

Hashiru hakuuliza tena. Watu wengine huona mwanga wakiwa kwenye sala. Yeye aliuona hapo, mbele ya sahani za watu.

Koti aliazima kwa muuza nyama aliyekuwa amefunga bucha. Alilifua mara tatu. Doa moja la damu likakataa kutoka, na baadaye ndilo lililomsaidia kuliko yote, maana kila aliyeliona aliamini ametokea chumba cha upasuaji. Mhuri aliupata kwa timu ya mpira iliyosambaratika, na wino wake ulikuwa umekwisha kiasi kwamba ungeweza kuwa mhuri wa ofisi yoyote duniani. Elimu aliipata kwenye karatasi iliyofungia maandazi. Ilikuwa makala ndefu kuhusu ulaji bora wa familia, na aliisoma mara saba, isipokuwa aya inayohusu mafuta, ambayo haikusomeka kwa sababu ya mafuta.

Jumamosi ya kwanza ya Shaabani alisimama kwenye uwanja mdogo wa mtaa wetu, Sofu, hapohapo Kibaha, na faili mkononi. Wakati huo kila nyumba ilikuwa imeshaweka sukari na mafuta kwa ajili ya mwezi mtukufu, na wenzetu Wakristo nao waliweka, kwa kuogopa bei ya mwezi mtukufu. Hashiru alijua hivyo. Alichagua mtaa kama watu wanavyochagua nazi, kwa kuutikisa kwanza.

"Hili," alisema kwa sauti ambayo ingeweza kuuza barafu mochwari, "ni Zoezi la Kijiko Kimoja, ngazi ya kaya, awamu ya kwanza. Kijiko kimoja cha mafuta kwa kila mlaji. Kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe, na kama unaweza, sifuri. Chumvi inatiwa jikoni, haipelekwi mezani. Nusu ya sahani ni mboga za majani. Dona badala ya sembe, maana nguvu ya mahindi iko kwenye pumba mnazowapa kuku. Soda waachieni wageni wa harusi, ninyi kuleni chungwa. Na maji, glasi nane. Kinachobaki juu ya kijiko ni cha ziada. Cha ziada kinakusanywa na kuteketezwa kitaalamu."

"Kinateketezwa wapi?" akauliza Laurean.

Laurean alikuwa karani wa masijala katika ofisi fulani, mtu wa mafaili, na ndiye tuliyekuwa tukimtegemea asitapeliwe kwa niaba yetu sote. Aliichukua karatasi ya Hashiru, akaiinua kwenye jua, akaugusa mhuri kwa kidole.

"Hausomeki," akasema.

Hashiru akaanza kupima kwa macho umbali wa kutoka pale mpaka barabara kuu.

"Ndiyo mihuri halisi hiyo," Laurean akaendelea. "Ukiona mhuri unasomeka vizuri, huo umechongwa mtaani."

"Mheshimiwa anaifahamu kazi," akasema Hashiru, akapata pumzi. "Kaya itakayofanya vizuri itakwenda semina ya siku tatu. Hotelini. Asubuhi supu, mchana bufee, usiku kuku mzima kwa kila mshiriki."

Hakuna aliyeuliza kwa nini watu waliofundishwa kula kidogo wapelekwe kula sana. Mimi ninayeandika haya nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa miwani ya kusomea ingawa hapakuwa na cha kusoma. Niliuliza maswali matatu, mawili kati yake yakiwa ya kumjulisha mtaalamu kwamba nami nalijua neno protini. Nilipigiwa makofi. Kisha nilikwenda nyumbani nikaleta kopo la asali, ambalo hata kwenye orodha halikuwamo.

Juliana, mke wa Laurean, ndiye aliyesogea mbele kulifunga lile kopo langu vizuri. Alikuwa mwanamke mpole wa kutisha. Kwa miaka miwili alikuwa akimwomba mumewe apunguze chumvi, na kwa miaka miwili Laurean alikuwa akibeba chumvi yake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, pamoja na kalamu.

"Afisa," akasema, "usijichoshe kuzunguka nyumba hadi nyumba kama mkusanya chupa. Sisi wanawake tutakusanya, tutaweka kwangu. Wewe uje kila Jumamosi kukagua masufuria, Jumamosi ya nne uje na gari uchukue mzigo wako."

Hashiru alikaribia kulia. Katika maisha yake yote ya utapeli hakuwahi kukutana na watu wanaokufungia mzigo.

Ukaguzi ulianza. Hapa niseme kwamba Hashiru alikuwa na matumaini yake ya pembeni. Mgeni mwenye cheo akiingia nyumbani kwa watu kwetu lazima apakuliwe, na alikuwa amekwisha kuhesabu pilau za mwezi mzima. Juliana akamkaribisha, akamnawisha, akamfunulia bakuli. Lilikuwa na majani ya mchunga yaliyochemshwa.

"Tumekupikia kama ulivyofundisha," akasema. "Chumvi hakuna kabisa, kwa heshima yako."

Mchunga una uchungu ambao Mwenyezi Mungu ameuweka kwa sababu zake. Hashiru alitia tonge moja, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Safi sana."

"Basi maliza, Afisa. Laurean hali mpaka akuone wewe unakula."

Na kweli Laurean alikuwa amekaa mbele yake, anamtazama mdomoni. Hashiru alimaliza. Nyumba ya pili alipewa mchunga mwingine, kwa sababu habari zilikuwa zimefika kwamba afisa ameupenda. Ya tatu uji wa dona usio na sukari. Ya nne, ambayo ni yangu, mihogo ya kuchemsha na papai, na mimi nikasimama nyuma yake nikimweleza kuhusu nyuzinyuzi.

Jumamosi ya pili ikawa hivyo. Ya tatu, alipopewa kunde zilizoungwa kwa nyanya na kijiko cha mafuta, aliomba aongezwe, kisha akashangaa nani ameomba. Mkanda wa suruali aliuhamisha tundu moja. Laurean naye alianza kupanda ngazi za ofisini bila kusimama katikati akijifanya anasoma matangazo, na siku moja alirudi kutoka zahanati akiwa ameshika karatasi ya kipimo cha presha, akawaonyesha watu barabarani kama cheti cha mtoto.

Jumamosi ya nne Hashiru alikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mzigo ulikuwa tayari ukumbini kwa Juliana: madumu matatu ya manjano na viroba viwili vilivyoshonwa. Alipitisha kidole kwenye mdomo wa kila dumu, akalamba, mafuta. Akatoboa kila kiroba juu, akaonja, sukari. Laurean akaomba hati ya makabidhiano. Hashiru akaiandika, akagonga mhuri, na tukampungia mkono. Mimi nilipunga mikono miwili.

Alifika Kisarawe adhuhuri. Mzee Mwinyimadi alikuwa amekaa barazani na wazee wawili mashahidi, na juu ya mkeka palikuwa na karatasi nyeupe, bahasha na kalamu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karatasi ndiyo hiyo."

"Baba, naomba kwanza ugeuze macho kwenye gari."

Mzee akageuza macho. Akahesabu madumu, akahesabu viroba, akahesabu tena. Tunu akatoka ndani anajifuta mikono kwenye kanga. Hakurudi ndani, na Hashiru alikuwa na hamu naye kiasi cha kuridhika na hilo.

"Haya," akasema Mzee Mwinyimadi, taratibu, kama mtu aliyeshindwa dau. "Mashahidi wangu hawaondoki mikono mitupu. Mmiminieni kila mmoja chupa."

Wakainamisha dumu la kwanza. Yalitoka mafuta, mazuri, ya rangi ya dhahabu, kiasi cha kujaza nusu ya chupa. Kisha yakatoka maji. Yakaendelea kutoka maji. Wakajaribu la pili, likawa na tabia ileile. La tatu Hashiru aliomba lisiguswe, likaguswa. Viroba vikakatwa: sukari unene wa viganja viwili, chini yake pumba mpaka kwenye mshono.

"Hizi ni za kuku," akasema shahidi mmoja, akizipeperusha kwa kidole.

"Nguvu ya mahindi iko huko," Hashiru akajisikia akisema.

Ndani ya pumba kulikuwa na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni. Tunu akaiwahi, akaisoma kwa sauti, bila kuruka neno:

"Ndugu Afisa, tunakuita hivyo kwa sababu tumezoea. Ndani ya kola ya koti lako kuna jina la bucha, tuliliona siku ya kwanza. Mafuta na sukari tumerudishiana, tunatumia kijiko kimoja kama ulivyofundisha. Maji ni yako, ulisema glasi nane. Pumba pia ni zako, zina nguvu. Asante. Presha ya mume wangu imeshuka kwa maneno yako, nami niliyasema maneno hayohayo miaka miwili bila koti. Sasa wanaume wa hapa wameanza kuteleza, jana mmoja kakutwa na chipsi mayai nyuma ya msikiti. Wanauliza awamu ya pili ni lini. Ukileta barua rasmi ya awamu ya pili na ukaja kila Jumamosi kuwatisha, nyumba thelathini na moja tutakupa kila mwezi dona, kunde, mayai, dagaa na mboga za kutosha watu wawili. Ukikataa tutamwambia Laurean kuhusu mhuri. Ni mimi Juliana, kwa niaba ya wenzangu."

Mmoja wa wenzake hao ni mke wangu. Alijua tangu siku ile ya asali, akanyamaza vizuri sana.

Hashiru alizitazama pumba, akaona maisha yake yote yamemwagwa juu ya mkeka.

"Thelathini na moja," akasema mwishowe. "Nimewatapeli watu tangu nina miaka kumi na tisa. Leo nimefungiwa mzigo, nikaubeba mwenyewe, nikaukodia na gari."

"Chukua kalamu," akasema Mzee Mwinyimadi. "Uandike ile uliyokuja kuiandika."

Hashiru akachukua kalamu.

"Baba, subiri," akasema Tunu. Akachuchumaa mbele ya mumewe, akamtazama mashavu, akamtazama mkanda. "Hebu niambie. Huko ulikuwa unakula nini?"

"Mchunga."

"Wewe?"

"Na kunde. Kunde niliomba niongezwe."

Tunu akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua anacheka. Alipomaliza alimgeukia baba yake.

"Baba, wewe ulitaka mume anilishe. Hawa wanawake wamekubali kumlisha mume anilishe. Karatasi ni moja, bora iandikwe barua yao."

"Huyu ni tapeli, Tunu."

"Ni tapeli asiye na kazi. Nataka awe na kazi." Akamsogezea Hashiru karatasi. "Andika. Kwa wakuu wote wa kaya, Sofu. Yahusu, awamu ya pili."

Hashiru akaandika. Sentensi zilimjia zenyewe, nzito, zenye 'rejea' na 'zingatia', mpaka shahidi mmoja akamwuliza kwa heshima kama anaweza kumwandikia na yeye ya kiwanja. Alipofika mwisho akapumua juu ya mhuri, akagonga.

"Nipe," akasema Tunu. Akachukua kalamu, akaongeza mstari chini kwa mwandiko wake, na kwa kuwa mimi niliusikia ukisomwa uwanjani na Laurean wiki iliyofuata, nimesimama wima, ninaunukuu: Vyakula vyote vya zoezi vitapokelewa na Katibu, Bi Tunu Mwinyimadi, mkononi mwake. Afisa haruhusiwi kushika hata yai.

"Umeandika nini hapo?" akauliza Hashiru.

"Cheo changu."

Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Gundi yake ilikuwa imekufa kwa uzee, basi akachovya kidole kwenye sufuria ya uji, akapaka ukingo wote, akaufunga, kisha akaiweka kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kuikalia mpaka iliposhika. Dereva wa kirikuu alikuwa bado yupo, anasubiri kurudi Kibaha. Tunu akainuka, akampa bahasha, akamtazama anavyoitia ndani ya shati na kufunga kifungo, na hakubanduka mlangoni mpaka gari lilipopotea kwenye njia ya Kiluvya.