Kiwiko cha Twaha

Glavu zilibaki jozi moja, na Twaha alikuwa ameshazivaa.

Kaeni sawa, enyi wa mlimani na enyi wa Mnazi kule tambarare, mpate habari ya siku ile Twaha, mbeba vichupa, simba wa maabara ya Lushoto, alipovuka uwanja wa hatua sitini. Mikononi alishika bakuli la barafu, na katika barafu vichupa sita vya RNA, yaani ujumbe wa ndani wa vimelea vinavyokondesha ng'ombe wa Mnazi. Kimelea kile hakionekani kwa macho, lakini kina ufalme wake. Ujumbe wake huandikwa ovyo, herufi zimepungua hapa, zimezidi pale. Ndipo hutoka kikosi cha protini zilizoshikamana, kikakata, kikapachika, kikaunga, hadi ujumbe usomeke. Kikosi hicho Daktari Janeth alikiwinda mwaka mzima. Sasa alikuwa ng'ambo ya uwanja, mashine imeshawashwa, na neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Kaka Twaha, ngozi ya mtu ina kitu kinachotafuna RNA. Ukimgusa mtu kwa glavu hizo, mwaka wangu umekwenda."

Hatua ishirini, salama. Thelathini, salama. Ya arobaini, akasimama mbele yake Mzee Omari, ngome ya ukoo, baba yake Zuhura mchumba wa Twaha, amevaa kanzu ya kuja kupanga siku ya harusi. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo baba," akasema shujaa, akiinama kadiri bakuli lilivyomruhusu.

"Marahaba. Mkono wangu unauona?"

"Nauona, baba." Akatoa alichobaki nacho: kiwiko.

Mzee akakitazama kama mtu aliyeletewa kuku wa wizi. "Aliyetoka kulima hunipa kifundo cha mkono, nami hupokea. Kiwiko sijapewa tangu nizaliwe."

"Nimebeba ujumbe wa vimelea, baba. Ukigusa glavu, ujumbe huo utaharibika."

"Vimelea vya ng'ombe."

"Ndiyo, baba. Vina protini za kuusahihisha."

"Kumbe vina makarani. Na makarani hao unawaheshimu kuliko mimi."

Barafu ilikuwa inayeyuka. Twaha akamwona Zuhura moyoni, akauona na ule mwaka wa Janeth. "Nisamehe, baba," akasema, akampita mkwewe ubavuni kama unavyopitwa mti, akazimaliza hatua ishirini za mwisho.

Janeth akapima vyote sita. "Vizima," akasema.

Na iandikwe hivyo katika habari za milima hii. Gharama yake: glavu jozi moja, beberu mmoja, sukari kilo tano, safari tatu za kuomba radhi, mbili kati ya hizo mlango umefungwa, na harusi iliyokuwa ya Aprili, sasa ni baada ya mavuno ya mahindi.