Bwana Shamba wa Uongo

Habari ililetwa Kimuli na muuza chumvi siku ya Jumanne, na kabla umande haujakauka ilikuwa imeshaketi kwenye benchi la Ma Adelgunda, pale anapouzia rubisi, pombe yake ya ndizi, ikimngoja mwenyewe afike. Mwenyewe ni Protase. Alipotokea na kifurushi chake kwapani, Mzee Rwezaura hakungoja hata kuamkiwa.

"Tumesikia watu wa Nyabiyonza hawakucheka."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hawakucheka."

Huyu Rwezaura walimwita Hakimu, kwa sababu aliwahi kufagia ofisi ya baraza miaka miwili na tangu hapo hakuna shauri lililompita. Protase naye walimwita Mlevi Mkavu. Pombe hanywi, ila kwa miaka sita alizunguka kuchekesha watu kila sikukuu, iwe mavuno ya Walutheri au mtakatifu somo wa parokia kwa Wakatoliki, kwa mchezo mmoja tu wa mlevi asiyeuona mlango wa nyumba yake. Ilifika mahali watoto wakawa wanatangulia kuyasema maneno, yeye anafuata nyuma yao. Mwaka huu kamati ya sikukuu ya Kihanga ikamtumia salamu kwamba akija na mlevi wake, asije. Ndipo akatunga mchezo mpya wa bwana shamba, akaujaribu Nyabiyonza. Jumapili inayokuja ni Kihanga kwenyewe. Akianguka huko, nafasi yake inachukuliwa na Byabato na zeze lake, na yeye anarudi kupalilia migomba ya kaka yake maisha yake yote.

"Tueleze basi," akasema Kahigi fundi cherehani, ambaye kijiweni huitwa Sindano. "Uliingiaje?"

"Niliingia na kaptula, soksi ndefu, kofia na fimbo. Nikakohoa mara tatu. Nikavuta soksi ya kushoto. Nikasema, mgomba ni mgonjwa, nyasi ni blanketi, nani hajamfunika mgonjwa wake?"

"Wakafanya nini?"

"Wakasimama wote, wakaniamkia. Mzee mmoja akaomba radhi kwamba mgongo unamuuma. Wengine wakatoka mmoja mmoja. Nikadhani wamenichoka, kumbe wamekwenda kukata nyasi za kutandaza migombani. Jioni wakaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu cha wageni, na jogoo juu yake, ili nisiandike majina."

"Na jogoo ukapokea," akasema Ma Adelgunda.

"Nilikuwa na njaa, Ma."

Rwezaura akatema ganda la kahawa chini. "Watu wa Nyabiyonza wajinga. Mtu akohoe mara tatu, wewe ukimbilie mundu? Mimi hata malaika anitokee na kaptula, nitamwuliza cheti."

"Kosa si la watu," akasema Sindano. "Ni kaptula. Kaptula niliyoshona mimi mvishe mbuzi, utamwamkia."

"Basi kaptula yako ndiyo iliyomwua mwenzako."

"Haikumwua. Ilimpa jogoo."

"Nyamaza wewe. Na wewe Mlevi Mkavu, wazee walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana kila Jumapili uko njiani."

Hilo lilimchoma Protase. Alikuwa ametembea tangu alfajiri aje kutafuta msaada, na huu ndio msaada wenyewe. Akavaa kofia, akashika fimbo, akapandisha kanzu hadi magotini soksi zionekane. "Tazameni," akasema. "Nionyesheni pa kucheka ni wapi." Akakohoa mara tatu, akavuta soksi, akaanza kumtukania mgomba wa Ma Adelgunda wazazi wake. Alimaliza jasho likimtiririka. Benchi lote lilikuwa likimtazama kama watu wanaosikiliza mahubiri.

"Umemaliza?" akauliza Rwezaura. "Huu si mchezo. Hii ni kazi ya mtu. Bwana shamba tunaye bure, wewe unataka kutuletea wa pili. Sikiliza hukumu. Mguu mmoja wa kaptula ukatwe juu ya goti, na pua upake masizi. Watu wajue ni uongo."

Sindano akakataa katakata. Akabembelezwa, akatukanwa kidogo, mwishowe akaitoa kaptula kwenye kifurushi na kuanza kuifumua kwa wembe huku amegeuza uso pembeni. Protase alitazama nyuzi zikianguka akataka kulia.

Hapo kengele ya baiskeli ikalia, na Bwana Yustus, bwana shamba wa kweli, mtu wa Muleba, akateremka mbele yao. Protase akaivua kofia haraka, akaikalia. Wakaamkia. Bwana Yustus akaegemeza baiskeli, akaitazama migomba nyuma ya nyumba, akakohoa.

Akakohoa tena. Ya tatu ilipotoka, mabega ya Ma Adelgunda yalishaanza kutikisika. Akainama, akavuta soksi ya kushoto.

"Mgomba," akasema, "ni mgonjwa."

Kibuyu kikamponyoka Ma Adelgunda. Sindano akajikata kidole kwa wembe na hakujua.

"Nyasi ni blanketi."

Rwezaura alikuwa amejibana sana, lakini hapo kahawa ikamtoka mdomoni na puani pamoja. Benchi lote likaangua kicheko, watu wakashikana mabega wasianguke.

"Mnacheka nini?"

"Tunafurahia nyasi, bwana," akasema Rwezaura, akifuta machozi.

"Ijumaa napita migombani, kibanja kwa kibanja. Nitakayemkuta hana nyasi, jina lake litafika barazani. Na Jumapili tutaonana Kihanga. Nimetengewa kiti cha mbele. Naambiwa kuna mchekeshaji." Akapanda baiskeli, akaenda.

Protase alibaki amekalia kofia yake. "Nimekwisha," akasema.

"Hujakwisha," akasema Ma Adelgunda. "Yule anakohoa hapa kila mwezi. Nani aliwahi kumcheka kabla yako?"

Akaokota kibuyu chake.

"Nyabiyonza walimwona mmoja tu, tena wa uongo, wangejuaje kuwa anaigiza? Kihanga watawaona wawili, wa kweli na wa uongo."

Sindano akatafuta sindano na uzi, akaanza kurudisha mshono bila kuomba ruhusa ya Hakimu.

"Wao watacheka," akasema Protase. "Yeye wa kiti cha mbele nimpe nini cha kucheka?"

Rwezaura alikuwa amesimama. "Ma Adelgunda, naomba mundu wako."

"Wa nini?"

"Nimkatie mbuzi majani."

"Mbuzi wako ulimwuza kabla ya Pasaka."

"Naomba mundu, mama."

Akapewa. Akauficha ndani ya koti, akashika njia ya kwake, shingo ameinyanyua, midomo ameibinua, anatazama vibanja vya wenzake kwa dharau, na mpini umechomoza nyuma ya koti. Protase alimtazama hatua kumi. Akainuka, akatia fimbo ndani ya kanzu, akabinua midomo, akamfuata nyuma unyayo kwa unyayo.

Sindano akacheka. Kaptula ilikuwa mapajani mwake, bwana shamba ameshavuka kilima, na bado alicheka mpaka uzi ukamkatikia. "Huyo hata wa kiti cha mbele atamcheka," akasema Ma Adelgunda.

Rwezaura akageuka. "Mnacheka nini?"

"Tunafurahia nyasi, mzee," akasema Protase.