Nyuzi za Kiondo Chini ya Boneti

Jumatatu, 10 Februari

Nimedharauliwa na shemeji. Rodgers, kakake mke wangu Ndila, alipita dukani kwangu kuchukua chakula cha kuku. Akanikuta nimefungua boneti ya pikapu. Akachungulia waya zilizosokotana na nyuzi za rangi. Akauliza kwa sauti, wateja wote wakisikia: "Shemeji, hii ni gari ama ni kiondo?" Wateja wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila si kwa kupenda.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tunapeleka mbuzi wa ntheo Katangi, kwa kina Wavinya, mchumba wa mwanangu. Bila mbuzi hao watatu, mwanangu Kimanzi hana mke machoni pa Mkamba yeyote, hata wakikaa pamoja mpaka wazeeke. Mbuzi wangu mimi walienda kwa kina Ndila ndani ya pikapu hii hii, marehemu baba akiwa kwenye usukani. Kwa hiyo na hawa wataenda nayo. Nilidhani hilo halina mjadala.

Lina mjadala! Jioni Kimanzi alinijia kwa upole mwingi. Alisema mjomba amejitolea kuwabeba mbuzi kwa gari lake jipya la dabo kabini. Alisema pikapu inaweza kutuaibisha kwa wakwe. Hakusema mimi, alisema pikapu, lakini nilielewa. Niliumia sana. Mwishowe tukakubaliana: Ijumaa pikapu ikiwa nadhifu na inatembea bila shida, mbuzi ni wangu kuwabeba. Isipokuwa hivyo, ni wa Rodgers.

Jumanne, 11 Februari

Leo nimesomea rilei, kwa video za simu. Baba aliongeza nne kwa mkono wake: ya taa, ya waipa, ya honi na ya feni ya rejeta inayopoza injini. Zimekaa kando ya betri, ndogo kama vibiriti. Nimeelewa! Rilei ni karani wa chifu. Swichi inamnong'oneza tu, naye anafungua mlango mkubwa umeme wa betri upite. Mnong'ono unapita mguu wenye namba 85 na wa 86. Umeme mnene unaingia 30, unatokea 87. Nilimweleza Ndila. Akasema kumbe ni rahisi. Sikulipenda hilo neno.

Shida ni waya. Baba alinunua roli moja ya waya nyeusi akaitumia kwa kila kitu. Zimelegea, zimejikunja, na kila moja imefungwa kipande cha uzi wa kiondo: nyekundu, kijani, zambarau, manjano. Ndila anasema mzee alimwomba nyuzi hizo zamani, siku moja akisuka kikapu cha kiondo. Hakumwambia ni za nini. Mkonge ndani ya injini! Si ni moto huo? Mzee alipenda mapambo. Kesho nazikata.

Jumatano, 12 Februari

Nimezikata. Kisha nikachomoa waya zote, nikazinyoosha, nikazivingirisha tepu, nikazibana kwa vikanda vya plastiki. Zimelala sambamba kama kwaya siku ya kuja askofu. Uzuri mtupu!

Nilipotaka kuzirudisha ndipo nilipogundua. Waya nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Nyingine nyeusi. Zile nyuzi hazikuwa mapambo. Macho ya baba yalikuwa hayasomi tena namba ndogo, kwa hiyo alizipa waya zake majina kwa rangi. Na mimi nimeyafagia majina hayo pamoja na pumba za kuku. Nilikaa juu ya gunia. Nilihuzunika kweli. Nilimwona mzee ameinama pale pale, ulimi nje, akifunga fundo.

Ndila hakunigombeza. Aliziokota nyuzi kwenye takataka, akazipangusa, akazitia mfukoni. Heri angenigombeza.

Alhamisi, 13 Februari

Majaribio kutwa nzima. Taa zimepatikana. Waipa zimepatikana, baada ya kuunguza fyuzi moja na nyusi kidogo. Zimebaki waya mbili za mnong'ono: moja ya honi, nyingine ya feni. Ama hii iende huku na ile kule, ama kinyume chake. Nimechagua kwa kufuata moyo. Moyo wangu haujawahi kunidanganya, ukiacha ule mwaka wa kufuga sungura.

Ijumaa, 14 Februari

Ukaguzi! Kimanzi alikuja na Rodgers, ambaye hakualikwa. Nikafungua boneti. Rodgers alitafuta kasoro, akakosa. Akasema, "Haki imekuwa smati." Lilimtoka kama jino.

Nikafunga boneti, nikaingia ndani. Taa: zikawaka. Waipa: zikafuta. Honi: nikabonyeza, haikulia. Nikasema upesi kwamba honi ni ya watu wasio na subira. Ndila, aliyesimama mbele, alisema kila nikibonyeza anasikia kitu kinavuma huko ndani. Nikamwambia ni injini inashukuru.

Tukazunguka mtaa mara moja, upepo wa milima ya Iveti ukitupoza, tukarudi salama. Kimanzi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mbuzi ni wangu!

Jumamosi, 15 Februari

Kidole gumba kimevimba. Nitaandika polepole.

Tuliondoka vizuri. Mbuzi nyuma, wamefungwa kamba, Kimanzi kando yangu amevaa suti. Rodgers alitufuata na Ndila na wazee wa ukoo. Tulipoteremka tukaingia joto la nyanda za Yatta, honi ikalia. Yenyewe! Sijaigusa. Haikukoma. Watu walitoka madukani kututazama. Kimanzi alifunga macho. Sindano ya joto ilikuwa inapanda. Kwa hasira nikabonyeza kitufe cha honi, nikakikandamiza. Feni ikavuma. Sindano ikashuka. Honi ikanyamaza.

Hapo ndipo iliponiingia. Nimewabadilishia makarani ofisi! Injini ikipata joto inapiga honi, na nikibonyeza honi inazunguka feni. Kwa hiyo, kunyamazisha honi, lazima nibonyeze honi. Nilimweleza Kimanzi. Akauliza: "Baba, si tusimame tu utengeneze?" Nisimame, na Rodgers yuko nyuma yetu anaona? Niliendesha mpaka Katangi kidole kikiwa juu ya kitufe. Kila nilipokipumzisha, haikupita muda honi ikaanza tena.

Langoni wakwe walikuwa wamejipanga. Mbele yao bibi yake Wavinya, mama Mbula, mdogo wa umbo, ameshika mkongojo. Mzee kama huyo unamsalimia kwa mikono miwili, hakuna njia nyingine. Nikazima injini, nikashuka, nikanyoosha mikono. Honi ikalia! Baba aliunganisha waya ya feni, ambayo sasa iko kwa honi, moja kwa moja na betri, ipate kupoza hata gari likiwa limezimwa. Akili nyingi, mzee yule. Mbuzi wakaruka kwa hofu, kamba ikakatika, wakatoweka.

Mbuzi wakipotea, hakuna ntheo. Wiki nzima nilikuwa nimeota kufungua boneti mbele ya wakwe, na sasa niliifungua, tai imenasa kwenye kikanda cha plastiki, nikivuta waya ya betri kwa nguvu zote. Hakuna hata mmoja aliyesifu zile waya. Honi ikakatika. Sikuthubutu kumtazama mwanangu.

Kisha nikasikia mama Mbula akicheka. Mbuzi hawakukimbilia barabarani. Walikuwa wamepita katikati ya wakwe, wakaingia bomani, wote watatu, na sasa walikuwa mlangoni pa jiko lake wakila maganda ya viazi. "Hawa wamekuja wenyewe, hata hawakuvutwa," akasema. "Mimi nimeshawapokea." Akapiga kigelegele, na wanawake wote wakamfuata. Ntheo imekwisha, bado hata sijafungua mdomo.

Kimanzi alicheka mpaka akashika magoti. Akaniambia babu angeipenda siku hii. Nilipangusa macho nikasema ni vumbi la Katangi.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya ibada nilizibadilisha zile waya mbili. Honi inalia ikiambiwa, feni inazunguka yenyewe. Ndila alileta nyuzi za baba na nyingine mpya, akafunga kila waya rangi yake: nyekundu ni honi, kijani ni feni. Alifanya taratibu, ulimi nje kama mzee. Nilimpenda sana wakati huo, na nikamwambia.

Kimanzi naye anataka pikapu imbebe bibi harusi mwezi wa Agosti. Pikapu, si dabo kabini! Rodgers alisikia. Nilihakikisha amesikia.

Jioni nimefungua boneti tena kuitazama kazi yangu. Safi kabisa, ila hizo nyuzi za rangi zinaharibu sura. Harusini kutakuwa na wapiga picha. Na kwa kweli sasa sihitaji alama, waya zote ziko hapa kichwani. Mkasi wa Ndila hauonekani tangu asubuhi. Nitatumia kisu.