Ampu Ndani ya Mablanketi ya Harusi

Jumatatu, 24 Juni

Lazaros na Minas wanatafuta mtu wa tatu. Wametangaza kwenye kipindi chao cha mtandaoni, kile cha pedali za gita na ampu za kukuzia sauti, ambacho nimekitazama tangu kidato cha kwanza hadi shule ikaisha. Atakayetuma video yenye sauti tamu kuliko zote ataketi nao mezani, Thesaloniki. Mwisho Ijumaa.

Nimelala chali sakafuni nikijiona niko pale, mguu juu ya pedali ya mwangwi, noti moja ikielea dirishani na kuvuka ghuba yote ya Volos bila kutua. Kasoro ni moja tu. Siwezi kuongea mbele ya watu. Hata muuza mkate namwonyesha kwa kidole.

Jumanne, 25 Juni

Mpango umekamilika. Ampu ya marehemu babu ni ya zamani, ya taa za kioo zinazopata moto ndani yake. Haiimbi mpaka uifungulie sauti sana. Asubuhi mtaani kuna pikipiki. Jioni kuna televisheni ya Bibi. Utulivu wa kweli upo saa tisa alasiri, watu wote wamelala. Lakini saa hizo kelele ni marufuku kisheria, na Bwana Argiris wa ghorofa ya chini hukaa roshani na fulana yake akiombea mtu akosee, awapigie polisi.

Kwa hiyo, sanduku langu la harusi. Bibi amenifumia mablanketi ya sufu, mazito kama kondoo wazima, nitakayoondoka nayo siku ya kuolewa. Ampu itaingia humo sandukuni, katikati yao, na kipaza sauti pembeni yake. Nani atasikia?

Wa kuongea ni binamu yangu Pavlina. Yeye huongea hata usingizini. Amekubali haraka mno, kisha akauliza uso wake utaonekana upande gani.

Jumatano, 26 Juni

Nimerekodi. Sauti ile, Mungu wangu. Sufu ilimeza ukali wote ikabakiza asali. Noti ziliondoka polepole, kama mtu anayetembea ndani ya maji ya vuguvugu. Nilifumba macho. Nilikuwa mbali sana, ndiyo maana sikunusa moshi.

Pavlina aliendelea kuongea na kamera huku akikohoa kwa madaha. Bwana Argiris hakusikia chochote, ila aliuona moshi ukitoka dirishani. Akapanda na ndoo ya maji. Aligonga mlango kwa kidole kimoja, maana saa za utulivu ni saa za utulivu, akaninong'oneza kwamba nyumba inaungua.

Blanketi moja limetoboka. Bibi alipitisha vidole kwenye tundu, akaniuliza, “Sasa huyo mumeo atajifunika nini, binti?” Nikamwambia sina mume. Akasema ndiyo hayohayo anayoyasema.

Video nimeituma.

Jumatatu, 1 Julai

Tumeshinda. Yaani, Pavlina ameshinda. Lazaros aliandika akitaka namba ya simu, na kwa kuwa mimi siongei na simu, nikampa ya Pavlina. Akaisifu ile sauti “yenye joto”, akamwalika msichana wa kwenye video. Katika video nzima mimi ni mikono tu.

Pavlina amenisihi nisinune, eti sisi ni timu. Ameazima begi langu la safari, jipya, nililolinunua kwa ajili ya safari hiyohiyo.

Sikununa. Nilipiga noti moja nzito, nikaiacha izimike yenyewe. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa ndani yake wakati wote.

Alhamisi, 4 Julai

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Pavlina mezani, nywele zimepangwa. Minas akamwuliza ampu ilielekea wapi na kipaza sauti kilikaa umbali gani. Pavlina akacheka. Akalisifu swali. Akacheka tena. Mwishowe akasema wampigie binamu yake, fundi ni yeye.

Simu ikaita mkononi mwangu. Yote niliyowahi kuyataka yalikuwa yananiita, na majibu nilikuwa nayo yote.

Nikampa Bibi.

Bibi alianza kwa kuwauliza kama wamekula. Kisha akawaeleza sufu iwe ya kondoo wa mlimani, isiwe ya dukani, na kwamba marehemu mumewe alipiga gita vibaya sana, lakini chini ya blanketi hata yeye alivumilika. Lazaros alicheka mpaka akavua miwani. Wamemwomba awe nao kila Alhamisi, kwa simu.

Nimewaza jioni yote na sasa naona njia wazi. Bibi ataongea, mimi nitakaa kando nikimnong'oneza. Atasema maneno yangu kuhusu pedali zote, na mwisho atalitaja jina langu, taratibu, na watu wote watanijua bila mimi kufungua mdomo. Mazoezi tumeshaanza. Mpaka sasa, kila akifika penye jina langu, anaongeza kwamba natafuta mchumba. Hilo litarekebishika. Safari hii sioni kasoro hata moja.